Miti Mia Mbili ya Kakao Katika Shamba la Mama Benie

Jumatatu, 7 Oktoba

Daftari hili nimelitoa kwenye kabati la ofisini. Wizi? Hapana. Serikali haijanilipa tangu nianze kazi, miaka kumi na moja sasa, basi tuseme ni kipande cha mshahara. Kazi yangu ni kupokea barua, kuiandikia namba na kugonga mhuri. Wiki nyingine inakuja barua moja. Nyingine haiji hata hiyo. Mtu mwenye akili kama zangu hawezi kukaa tu akitazama mhuri unakauka.

Leo barua imekuja! Programu ya msaada kwa wakulima. Kila mkulima aliyejiandikisha atalipwa, pesa zitaingia moja kwa moja kwenye simu. Anayelima mihogo au karanga atapata kidogo. Mwenye miti ya kudumu, kakao au michikichi, atapata mara mbili. Nimeisoma mara nne nikiwa nimesimama. Kukaa nimeshindwa.

Jirani yangu Josué ameshajiandikisha. Bila shaka! Mwaka jana mradi mwingine ulimpa buti za mpira, na tangu siku hiyo anazivaa hata kanisani, hata jua likiwaka. Kila nikisikia kwap, kwap, kwap mlangoni, roho inanichafuka.

Tatizo dogo: mimi sina shamba. Lakini Viviane, mke wangu, analo moja ng'ambo ya mto, kupita Lubunga, kilomita kumi na moja kwenye njia ya Opala. Yaani si lake kabisa. Mwenye udongo ni papa Hubert, aliyemwazima miaka sita iliyopita. Mihogo ya pale ndiyo tunayokula. Karanga za pale ndizo zinazomlipia binti yetu Benie shule. Mimi nachangia kwa mhuri.

Mume na mke ni mwili mmoja. Padri mwenyewe alisema. Basi na shamba ni moja.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimejiandikisha! Nilifika saa moja asubuhi, mtu wa tatu kwenye foleni. Wa kwanza alikuwa ni mtu mwenye buti. Alikuwa amekuja kuuliza habari tu, eti. Kijana wa fomu aliniuliza nalima nini. Nikamuuliza ni kipi kinacholipa zaidi. Akasema kakao. Nikasema, sadfa iliyoje, mimi ni mtu wa kakao tangu utoto. Miti mingapi? Mia mbili, nikasema. Ilitoka yenyewe.

Fomu ilikuwa na sanduku la "mwenye udongo". Niliandika jina langu, Constant, kwa herufi kubwa. Ikahitaji uthibitisho wa ofisi ya serikali. Ofisi ya serikali ni nani? Nikarudi kwenye meza yangu, nikajiombea uthibitisho, nikajikubalia, nikagonga mhuri mara mbili ili waone mambo ni ya kweli.

Mtaalamu wao wa kilimo, Madame Odile, atakuja shambani Ijumaa ya tarehe 18 kuhesabu miti. Zimebaki siku kumi. Miti iliyopo ni sifuri.

Viviane sijamwambia. Itakuwa zawadi.

Alhamisi, 10 Oktoba

Siku ya mateso. Kuna bwana anaitwa Landry, upande wa Masako, anaotesha miche ya kakao ndani ya sachet, vile vifuko vyeusi vya plastiki. Nilimpa baiskeli yangu, akanipa miche mia mbili. Alitaka kunieleza namna ya kuipanda, kivuli, maji, sijui nini. Nikamwambia asipoteze pumzi, naitambua kakao kwa harufu tu. Akaipanda baiskeli, akaondoka akipiga kengele yangu.

Kuvuka mto ndiko kulikoniua. Mwenye pirogi alisema miche yangu imekalia nafasi ya abiria watano. Nikaipakata mingine mapajani, mingine nikaiweka miguuni. Pembeni yangu mama mmoja na mbuzi wake dume mwenye pembe iliyovunjika. Nilipogeuka kutazama maji, nikasikia kutafuna. Mche wa kumi na moja ulikuwa unaingia mdomoni! Nilipiga kelele. Mbuzi alinitazama bila aibu yoyote. Mama mwenye mbuzi alisema mnyama hana makosa, chakula kimewekwa mbele yake.

Imebaki mia moja themanini na tisa. Nimeisukuma kwa mkokoteni wa kukodi, nimeificha chini ya majani ya migomba kandokando ya shamba. Nimerudi kwa mguu hadi mtoni. Baiskeli ingenifaa.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mungu yupo. Shangazi wa Viviane amefariki Yanonge (apumzike kwa amani), na Viviane ameshuka mto kwenda matanga. Hatarudi kabla ya Jumatano. Nilijitahidi kuonyesha huzuni. Viviane aliniuliza kwa nini nacheka.

Nimechukua ruhusa ofisini, yaani nimejipa. Nimechimba tangu jana asubuhi! Mashimo mia moja themanini na tisa, kina cha goti, maana niliwahi kusikia kwamba shimo refu ni dalili ya mkulima makini. Mikono imefura. Mgongo si wangu tena. Mihogo ya Viviane ilikuwa imenizibia njia, nikang'oa mistari minne. Baadaye nikaingiwa na huruma, nikairudishia ardhini ilivyokuwa. Imeinama kidogo tu.

Miche nimeishusha ndani ya mashimo pamoja na sachet zake. Kuzivua moja moja nani ana muda? Halafu imekaa chini sana, ukisimama barabarani huioni. Lakini Madame Odile atakaribia.

Nimesimama mwisho wa shamba nikalitazama. Kwetu Kindu nilikulia nyuma ya stesheni, shamba letu lilikuwa sokoni. Leo mimi ni mkulima. Kusema kweli, machozi yalinilenga.

Jumapili, 13 Oktoba

Kwap, kwap, kwap. Josué, kabla sijamaliza chai. Alikuwa amevuka jana kwenda kwenye shamba lake, akapita kwenye njia ile, akaona mambo yangu. Akauliza, kwa sauti ya mtu wa kwenye maombolezo: "Papa Benie, papa Hubert anajua ile mambo ya miti?"

Nikamwambia papa Hubert ni mzee, ana mambo mengi, ya nini kumsumbua. Josué akakaa bila kukaribishwa. Akasema udongo wa kuazima unapandwa mihogo, karanga, mpunga, vitu vinavyokuja na kuondoka. Mti, hapana. Kupanda mti kwenye udongo wa mtu ni kusema udongo huo umekuwa wako. Watu wa ng'ambo wamegombana kwa ajili ya mti mmoja wa matunda, ule wa safu, sembuse mia mbili.

Mia moja themanini na tisa, nikamsahihisha.

Wivu! Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kimevaa buti. Anaogopa nitalipwa mara mbili na yeye na mihogo yake atalipwa mara moja. Nilimsindikiza hadi mlangoni. Akasema ninaweza kumpotezea Viviane shamba. Nikamwambia ajali la kwake.

Hata hivyo leo miguu haitulii. Nimezunguka nyumba mara kumi na mbili. Benie ameniuliza kama nimepoteza kitu.

Jumatano, 16 Oktoba

Viviane amerudi. Jambo la kwanza, kabla hata ya kuvua viatu: kesho anakwenda shambani. Kesho! Na Madame Odile ni keshokutwa!

Ilibidi nifikiri haraka. Nikaanguka kitandani. Nikasema malaria, kali, sijui kama nitaiona Jumamosi. Nikatetemesha na meno. Viviane alinishika paji la uso, akasema hataniacha, atabaki kuniuguza.

Ushindi! Mpaka alipoleta kikombe. Kongobololo. Majani machungu yaliyochemshwa hadi maji yakawa meusi. Kikombe kizima, akiwa amesimama juu yangu. Nikamwambia nimeanza kupona. Akasema ndiyo maana ya dawa, kinakuja cha pili.

Alhamisi, 17 Oktoba

Vikombe vitano. Nasikia uchungu hata kwenye masikio.

Ijumaa, 18 Oktoba

Naandika nikiwa kitandani tena, na safari hii si mchezo.

Viviane alikwenda sokoni mapema, nikatoroka. Nilifika shambani pamoja na Madame Odile, mwanamke wa maneno machache, simu mkononi. Alizunguka shamba, simu yake ikachora mipaka yenyewe. Kisha akaanza kuchungulia mashimo, moja baada ya jingine. Miche mingi ilikuwa imeshakuwa ya kahawia. Akaingiza mkono akavuta mmoja, ukatoka mzima na mfuko wake.

"Donc papa, ulipanda na sachet yake?"

Nikasema ni mbinu ya kisasa, inatunza unyevu. Akaandika kitu. Aliandika kwa muda mrefu.

Ndipo alipotokea papa Hubert. Hakuja peke yake, alikuja na dada yake mkubwa, mama Augustine, ambaye ndiye anayekumbuka mipaka yote ya ukoo wao. Hawakupiga kelele. Afadhali wangepiga! Walipita kila shimo, wanahesabu. Mia moja themanini na tisa, ilichukua muda. Nilisimama kwenye jua na kongobololo tumboni. Halafu papa Hubert akavua kofia, akaniuliza kwa upole: "Bon. Miye nilikufa lini? Juu naona mutu anagawanya udongo yangu, na miye mwenyewe hawakuniita ku matanga."

Nikacheka. Nilidhani ni utani. Hakuna mwingine aliyecheka.

Akaomba asomewe fomu. Madame Odile akaniletea nisome mwenyewe. Nikasoma jina langu, nikasoma idadi, nikaruka lile sanduku. Madame Odile akasema nimeruka. Nikarudi. "Mwenye udongo: Constant." Mama Augustine akaomba nirudie, masikio yake ni ya kizee. Nikarudia. Akauliza na hilo duara jekundu ni nini. Nikasema mhuri. Akauliza kwa nini iko mihuri miwili.

Papa Hubert akasema manioki, yaani mihogo, inakuja, inakwenda, lakini mti unabaki, na aliyeupanda anabaki nao, na watoto wake, na wajukuu. Yeye alimpa Viviane udongo wa kula. Hakumpa wa kurithi. Basi Viviane avune kilichopo mpaka mwisho wa mwezi, kisha amrudishie udongo wake.

Nilisema Viviane hajui lolote. Akajibu kwamba hilo ndilo baya zaidi, mtu anayeiba kwa mkono wa mke wake aliyelala. Mimi sikuiba! Nilipanda!

Nilivuka mto nikitazama maji njia nzima.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nilikuwa nimeandaa maelezo matatu. Viviane alikuwa ameshaambiwa sokoni, habari ilivuka mto kabla yangu. Hakupiga kelele. Alitwanga lituma ya ndizi, akawapa watoto, akakaa. Akasema tu: "Papa Benie. Miaka sita." Kisha akaingia chumbani.

Miaka sita anaamka kabla ya jogoo, anavuka mto na jembe. Nimeyajua hayo siku zote, lakini leo nimeyahesabu. Benie ameuliza kama mwakani atasoma. Nimemwambia bila shaka. Nimeona aibu. Naiandika hapa kwa sababu hakuna mahali pengine pa kuiweka.

Mbele yangu palikuwa na kikombe. Kongobololo. Nimekinywa bila kuambiwa.

Jumatatu, 21 Oktoba

Viviane aliomba baraza, limefanyika uani kwa papa Hubert. Viviane alikwenda na kikapu cha karanga kichwani, mimi nyuma yake bila kitu. Nilikuwa na hotuba kurasa mbili, imeandikwa upande wa nyuma wa karatasi za ofisi. Nilisimama, nikafungua mdomo. Mama Augustine akaniomba niketi.

Viviane akaongea. Hakunitetea. Aliweka kikapu chini, akasema hiki ni cha mwaka huu, kama cha mwaka jana, kama cha mwaka wa kwanza. Kila mavuno kikapu cha kwanza kimeingia kwenye ua huu, na hata mwaka wa mafuriko aliposalia na vikapu viwili, kimoja kililetwa. Hajawahi kupanda hata mpapai. Mpapai! Akasema kama udongo unarudi, basi urudi, lakini usirudi kwa jina la mwizi, maana jina hilo si lake.

Nilitazama miguu yangu. Josué alikuwepo pia, nani alimwita? Hakuvaa buti. Hilo liliniumiza kuliko yote.

Mama Augustine akasema anavikumbuka vikapu vyote sita, na cha tatu kilikuwa na karanga nyekundu. Papa Hubert akachukua karanga moja, akaitafuna. Halafu hukumu: Viviane abaki na shamba lake, mihogo na karanga. Mimi niing'oe miti yote kwa mikono yangu mbele ya macho yao, nilete mbuzi dume na bidoni moja ya pombe ya mchikichi. Na kuanzia leo nisikanyage shamba lile na kitu chochote chenye mizizi.

Nilipiga magoti kumshukuru. Akaniambia nianze kung'oa, jua linazama.

Alhamisi, 24 Oktoba

Mbuzi nimempata kwa suti yangu ya harusi. Bandarini kulikuwa na mama mmoja tu anayeuza. Pembe iliyovunjika! Amenona. Najua amenona kwa nini. Tumevuka tukitazamana, na tulipofika hakutaka kushuka, ikabidi nimbebe.

Kati ya miche yote, ishirini na mitatu ilikuwa bado hai. Papa Hubert ameichukua, amevua sachet, ameipanda nyuma ya nyumba yake chini ya migomba. Udongo ni wake, nani atamuuliza? Madame Odile alikuwepo na simu yake. Amemwandikisha palepale: papa Hubert, mkulima wa kakao. Atalipwa mara mbili! Kwa miti yangu! Kwa baiskeli yangu!

Kisha akamwandikisha Viviane, kwa jina lake mwenyewe, mihogo na karanga, na papa Hubert akaweka kidole gumba kukubali kwamba amemwazima. Niliuliza kama wanahitaji mhuri. Wote watatu walisema hapana kwa pamoja.

Viviane ameniagiza nifukie mashimo yote kabla mtoto wa mtu hajavunjika mguu. Nimefukia kumi na manne. Mgongo umegoma.

Jumanne, 12 Novemba

Malipo! Simu ya Josué imelia, nimeisikia kupitia ukutani. Simu ya Viviane imelia alipokuwa anachagua pondu, majani ya mihogo, ameitazama, ameiweka chini, ameendelea na pondu. Baadaye nimemsikia anaimba. Benie atasoma. Inasemekana ng'ambo papa Hubert amenunua redio.

Yangu nayo imelia! Nimekimbia kutoka uani na kiatu kimoja. Kampuni ya simu inaniuliza kama nataka kununua wimbo wa mlio.

Viviane amesema hajanisahau, amenitolea kitu kwenye malipo yake. Jembe. Jipya, na mpini wake. Akasema mashimo yaliyobaki yananisubiri, mia moja sabini na matano, amehesabu mwenyewe. Njia ya mwongo fupi, akasema, lakini ya kwako imejaa mashimo. Nimeapa mbele yake kwamba nimekoma, nimeapa kwa jina la marehemu baba. Nilimaanisha kila neno.

Jumatano, 13 Novemba

Mvua usiku kucha, na mchana wote tena. Nimekwenda ofisini kwa sababu hakuna kwingine pa kwenda. Nimekaa nikitazama mhuri.

Barua! Programu ile ile, karatasi mpya. Msaada kwa wafugaji wa samaki. Italipwa kwa kila bwawa. Nimeisoma nikiwa nimesimama.

Nimevuka mto mchana, na jembe begani, ili Viviane afurahi. Nilifika shambani. Mashimo yote yamejaa maji hadi mdomoni, mia moja sabini na matano, yamepangwa kwa mistari kama vile mtu alikusudia. Kwenye moja chura alikuwa anaogelea, kwa hiyo maji ni mazuri. Nimesimama pale mpaka nikalowa. Jembe sikulitumia.

Papa Hubert alisema waziwazi, mbele ya mashahidi: kitu chochote chenye mizizi. Nimelifikiria neno lake njia nzima ya kurudi, kwa heshima zote.

Samaki hana mizizi.

Fomu nimeshaijaza. Mhuri nimeulowesha wino mpya. Kwenye sanduku la "mwenye udongo" safari hii sikuandika jina langu, mimi si mjinga. Nimeandika Viviane.